Kompyuta Inaanguka Ukichomoa Kifaa: Kurekebisha Draiva ya USB Ndani ya Kerneli ya Linux

Karani wa kituo cha kukusanyia maziwa kule Njoro hana habari na kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux. Wakulima wakishamaliza kupima, anachomoa waya wa mizani ili aipanguse na kuifungia stoo. Programu ya kupimia bado iko wazi kwenye skrini. Kufumba na kufumbua, kompyuta nzima imeganda, mshale hausogei, na rekodi za asubuhi ambazo hazikuwa zimefika kwenye diski zimepotea. Kesho yake anafokewa: "Si tulikwambia ufunge programu kwanza ndipo uchomoe?"

Karani hana kosa. USB tangu toleo lake la kwanza mwaka 1996 ilibuniwa ili kifaa kichomekwe na kuchomolewa mashine ikiwa inafanya kazi. Waya ukitoka na mfumo mzima ukaanguka, kasoro iko kwenye draiva, yaani msimbo unaoiwezesha kerneli kuzungumza na kifaa, na draiva hurekebishwa. Mwongozo huu ni wa fundi au mwanafunzi wa Kisumu, Nakuru, Kakamega au kokote alipo, anayejua C kiasi, aliyewahi kukompaili moduli ya kerneli, na ambaye sasa amekabidhiwa mashine ya aina hiyo.

Nitatumia draiva ya mfano niliyoiita mizani. Kazi yake ni nyepesi: taima inaamka kila nusu sekunde na kuitisha kazi ya nyuma, kazi hiyo inatuma URB, yaani ombi moja la data kwenda kwenye kifaa, jibu likirudi, uzito unawekwa kwenye bafa na programu iliyokuwa ikisubiri kwenye /dev/mizani0 inaamshwa. Draiva nyingi za vifaa vidogo, kuanzia mizani hadi visomaji vya kadi na vipima joto, zina umbo hilihili.

Hatua ya 1: Nasa maneno ya mwisho ya kerneli

Kerneli ikianguka huandika sababu kwenye logi, lakini diski inaweza kuwa imeshasimama kabla logi haijafika. Ukiwasha mashine tena na kutafuta kwenye /var/log, mara nyingi utakuta patupu. Kwa hiyo kabla ya kugusa msimbo, tafuta njia ya kutoa maneno hayo nje ya mashine.

Njia ninayoipenda ni netconsole, inayotuma logi ya kerneli kupitia mtandao, kwa sababu haihitaji zaidi ya kompyuta mbili na waya wa mtandao. Kwenye mashine inayoanguka:

```
modprobe netconsole netconsole=6665@192.168.1.20/eth0,6666@192.168.1.10/
dmesg -n 8
```

Anwani ya kwanza ni ya mashine yenyewe, ya pili ni ya kompyuta inayosikiliza. Kwenye hiyo ya pili, endesha `nc -u -l 6666 | tee ajali.txt` na uiache wazi. Tumia waya wa Ethernet, si Wi-Fi. Draiva nyingi za Wi-Fi haziwezi kutuma pakiti kerneli ikiwa taabani. Angalia pia jina la kadi yako kwa `ip link`, maana siku hizi mara nyingi si eth0.

Kama huna kompyuta ya pili, fanya kazi ndani ya mashine pepe ya QEMU na uipitishie kifaa halisi:

```
-serial file:ajali.txt -device qemu-xhci \
-device usb-host,vendorid=0x1234,productid=0x5678,id=mz
```

Namba hizo mbili za mfano zibadilishe kwa zile unazoziona kwenye `lsusb`, na kwenye amri ya kuwashia kerneli ya mgeni ongeza `console=ttyS0`. Hapo mashine pepe ikianguka, laptopu yako inaendelea kama kawaida, na kuchomoa waya kunafanywa kwa kuandika `device_del mz` kwenye monita ya QEMU. Mahali ambapo stima hupotea mchana, kufanya majaribio bila kuhatarisha diski yako halisi si jambo la kudharau.

Hatua ya 2: Ifanye kasoro itii amri

"Wakati mwingine inaanguka" haitoshi. Unataka uandike amri na ianguke, kila mara, na baada ya marekebisho amri zilezile zipite salama. Huhitaji kuchomoa waya kwa mkono kila mara, kwani sysfs, yaani faili za /sys ambazo kerneli hupokelea amri, inakuruhusu kuitenganisha draiva na kifaa:

```
exec 3< /dev/mizani0
echo 1-1.2:1.0 > /sys/bus/usb/drivers/mizani/unbind
exec 3<&-
```

Ifuatilie mistari hiyo mmoja mmoja. Wa kwanza unafungua kifaa na kukishikilia, kama programu ya karani inavyofanya. Wa pili unaiambia kerneli kwamba draiva iachane na kifaa, kwa hiyo fanksheni yako ya disconnect inaitwa. Wa tatu unafunga faili, na fanksheni ya release inaitwa wakati ambapo kifaa kimeshaondoka. Kama draiva inafuta kumbukumbu yake yote ndani ya disconnect, mstari wa tatu unagusa kumbukumbu ambayo si yake tena. Hiyo `1-1.2:1.0` ni anwani ya kifaa chako. Ipate kwa `ls /sys/bus/usb/drivers/mizani/`.

Kwa kasoro zinazotegemea bahati ya sekunde, zungusha unbind na bind (kuiunganisha tena) ndani ya `while`, huku dirisha lingine likisoma /dev/mizani0 bila kupumzika.

Tofauti moja usiisahau: unbind na kuchomoa si kitu kimoja. Kwenye unbind kifaa bado kipo na kinajibu. Waya ukichomolewa, URB zilizokuwa njiani zinaweza kuanza kurudi na hitilafu kama -EPROTO au -EILSEQ kabla habu haijatambua kwamba tundu liko tupu. Draiva inayotuma URB upya papo hapo kila ikiona hitilafu itazunguka bila breki katika dirisha hilo dogo na kujaza logi. Kwa hiyo jaribu njia zote mbili.

Hatua ya 3: Jenga kerneli inayoshika mwizi mlangoni

Kutumia kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa kuna ubaya wa pekee: mara nyingi haileti madhara pale pale. Kumbukumbu hiyo inapewa mwenye haja mwingine, draiva yako inaandika juu yake, na kerneli inaanguka baadaye ndani ya mfumo wa faili au mtandao, mahali pasipohusika kabisa. Ukifuata ripoti ya namna hiyo utapoteza wiki ukisoma msimbo usio na hatia.

KASAN, zana ya kerneli ya kukagua matumizi ya kumbukumbu, iliyoingia kwenye Linux toleo la 4.0 mwaka 2015, inakamata kosa kwenye mguso wa kwanza. Katika usanidi wa kerneli ya majaribio washa hizi:

```
CONFIG_KASAN=y
CONFIG_DEBUG_INFO_DWARF_TOOLCHAIN_DEFAULT=y
CONFIG_PROVE_LOCKING=y
CONFIG_DEBUG_OBJECTS=y
CONFIG_DEBUG_OBJECTS_TIMERS=y
CONFIG_DEBUG_OBJECTS_WORK=y
CONFIG_DEBUG_KMEMLEAK=y
```

KASAN ya kawaida hutenga moja ya nane ya kumbukumbu kwa ajili ya hesabu zake na kuifanya mashine iwe nzito, kwa hiyo usiipeleke kituoni. Ni ya mezani kwako tu. Kama laptopu yako ni ya zamani, endesha kwanza `make localmodconfig`, ambayo inaacha moduli unazozitumia peke yake na kupunguza sana muda wa kukompaili.

Huwezi kujenga kerneli mpya? Ongeza `slub_debug=FZPU` kwenye mstari wa kuwashia kerneli uliyo nayo. Kumbukumbu ikiachiliwa itajazwa baiti 0x6b. Kwenye mashine za x86 za biti 64, ukiona "general protection fault" yenye anwani inayofanana na 6b6b6b6b6b6b6b6b, jua kwamba draiva imefuata kielekezi ilichokitoa ndani ya kitu kilichokwisha kuachiliwa. Ni ushahidi mzuri, ingawa hautakuambia nani aliachilia.

Hatua ya 4: Soma ripoti kuanzia chini

Ripoti ya KASAN ni ndefu na inatisha mara ya kwanza. Nikiipunguza, ya mizani inafanana na hii:

```
BUG: KASAN: slab-use-after-free in mizani_release+0x3a/0x90 [mizani]
Read of size 8 by task kupima/1432
 ...
Allocated by task 57:
 mizani_probe
 usb_probe_interface
 ...
Freed by task 57:
 kfree
 mizani_disconnect
 usb_unbind_interface
 ...
 usb_disconnect
 hub_event
 process_one_work
```

Watu wengi hukomea mstari wa juu, wanaenda mizani_release, wanaongeza `if (!m) return 0;` na kutangaza kwamba wamemaliza. Haisaidii. Kielekezi m si tupu. Kina anwani ileile ya zamani, ila kilichoko kwenye anwani hiyo si mali yetu tena.

Anza na sehemu ya "Freed". Inasema nani aliachilia na alikuwa ametumwa na nani: hub_event, yaani mfanyakazi wa kerneli anayeshughulikia habu za USB, aliona waya umetoka, akaita usb_disconnect, ikafika kwenye mizani_disconnect, ikaita kfree. Kisha panda kwenye mguso wenyewe: ni programu "kupima", namba 1432, iliyokuwa ikifunga faili. Sasa una watu wawili na mfuatano wao. Ili upate namba za mistari ya msimbo:

```
./scripts/decode_stacktrace.sh vmlinux . . < ajali.txt
```

Ikiwa ripoti inataja mahali tofauti kila unaporudia, mara kwenye taima, mara kwenye release, usidhani una kasoro tofauti tofauti. Yaelekea ni ileile inayoguswa na yeyote anayewahi.

Hatua ya 5: Andika orodha ya wanaoshikilia

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ningekusihi uifanye kwa kalamu kabla ya kugusa kibodi. Disconnect ina maana kwamba kifaa kimeondoka. Haina maana kwamba kumbukumbu inayokielezea haitumiki tena. Mambo hayo mawili yana nyakati tofauti, na karibu kila ajali ya kuchomoa inatokana na draiva kuyafanya kuwa jambo moja. Kuachilia kila kitu ndani ya disconnect ni kubomoa nyumba kwa kuwa mwenye nyumba amehama, bila kuangalia kama wapangaji bado wamelala ndani.

Kwa mizani, wanaoweza kuwa bado wameshikilia muundo wetu ni hawa. Programu iliyofungua faili. Inaweza kukaa nayo saa nzima baada ya waya kutoka. Msomaji aliyelala akisubiri uzito mpya. Taima. Kazi ya nyuma, ambayo huenda hivi sasa inaendeshwa kwenye CPU nyingine. Na URB iliyo njiani, ambayo fanksheni yake ya kumalizia inaitwa katika hali isiyoruhusu kulala.

Kuhusu URB, mfumo wa USB wenyewe unakusaidia: kwa draiva ya kawaida, kabla ya kuita disconnect yako, unazima endipointi (njia za data) za intafesi, yaani sehemu ya kifaa inayosimamiwa na draiva yako, na kusubiri URB zake zimalizike. Lakini zile zinazopita kwenye endipointi namba 0 ni za kifaa kizima, na draiva iliyoomba soft_unbind haipati msaada huo inapotenganishwa kwa sysfs. Ziue wewe mwenyewe. Gharama yake ni mstari mmoja.

Hii ndiyo disconnect iliyokuwa ikiangusha mashine:

```
static void mizani_disconnect(struct usb_interface *intf)
{
        struct mizani *m = usb_get_intfdata(intf);

        usb_deregister_dev(intf, &mizani_class);
        usb_free_urb(m->urb);
        kfree(m->bafa);
        kfree(m);
}
```

Ipime kwa orodha yako. Taima haijasimamishwa. Kazi ya nyuma haijasubiriwa. Aliyelala hajaamshwa. Mwenye faili hajulikani kama yupo.

Kuna draiva ambazo hutaona kfree ndani yake na bado zinaanguka vilevile, kwa sababu muundo ulitengwa kwa devm_kzalloc. Kumbukumbu ya devm huachiliwa yenyewe mara draiva inapotenganishwa na kifaa, faili liwe wazi au lisiwe. Kwa muundo ambao faili lililofunguliwa linaweza kuufikia, devm_kzalloc ni mtego. Tumia kzalloc na uhesabu mwenyewe.

Hatua ya 6: Rekebisha

Hesabu hiyo ni kref. Kila anayeshikilia muundo anaongeza moja, kila anayeachia anapunguza moja, na wa mwisho kutoka ndiye anayefuta. Weka `struct kref kref`, `struct mutex kufuli` na `bool imetoka` ndani ya muundo. Katika probe, fanksheni inayoitwa kifaa kinapounganishwa na draiva, ita kref_init, na uchukue `m->udev = usb_get_dev(interface_to_usbdev(intf))` ili muundo wa kifaa nao usitoweke chini ya miguu yako.

```
static void mizani_futa(struct kref *k)
{
        struct mizani *m = container_of(k, struct mizani, kref);

        usb_free_urb(m->urb);
        usb_put_dev(m->udev);
        kfree(m->bafa);
        kfree(m);
}

static int mizani_open(struct inode *inode, struct file *file)
{
        struct usb_interface *intf;
        struct mizani *m;

        intf = usb_find_interface(&mizani_driver, iminor(inode));
        if (!intf)
                return -ENODEV;
        m = usb_get_intfdata(intf);
        if (!m)
                return -ENODEV;
        kref_get(&m->kref);
        file->private_data = m;
        return 0;
}

static int mizani_release(struct inode *inode, struct file *file)
{
        struct mizani *m = file->private_data;

        kref_put(&m->kref, mizani_futa);
        return 0;
}

static void mizani_disconnect(struct usb_interface *intf)
{
        struct mizani *m = usb_get_intfdata(intf);

        usb_deregister_dev(intf, &mizani_class);

        mutex_lock(&m->kufuli);
        m->imetoka = true;
        mutex_unlock(&m->kufuli);

        timer_shutdown_sync(&m->taima);
        cancel_work_sync(&m->kazi);
        usb_kill_urb(m->urb);

        wake_up_all(&m->foleni);
        kref_put(&m->kref, mizani_futa);
}
```

Mpangilio wa disconnect una sababu kila mstari.

usb_deregister_dev inakuja kwanza ili asiingie mtu mpya. Huenda ukauliza: je, mtu akiwa katikati ya mizani_open, ameshapata m lakini hajafika kwenye kref_get? Ukifungua drivers/usb/core/file.c utakuta jibu: usb_open inashika kufuli ya minor_rwsem upande wa kusoma muda wote open yako inapoendeshwa, na usb_deregister_dev inaitaka kufuli hiyohiyo upande wa kuandika. Kwa hiyo ikirudi, kila aliyekuwa akifungua ameshahesabiwa au ameshakataliwa. Usiisogeze chini.

Kisha imetoka. Kuanzia hapo, kila anayetaka kuanza kazi mpya akishika kufuli anakuta bendera na kugeuka.

Halafu vinazimwa kwa mpangilio vinavyoamshana: taima ndiyo inayoitisha kazi, kazi ndiyo inayotuma URB. Ukiua URB kwanza na taima bado iko hai, baada ya nusu sekunde kutakuwa na URB mpya. timer_shutdown_sync, iliyoingia na Linux 6.2, inasubiri taima imalizike na pia inaizuia isiwashwe tena, hata kama kazi ya nyuma itaita mod_timer. Kwenye kerneli za kabla ya hapo tumia del_timer_sync, na uhakikishe kwamba mod_timer iliyo ndani ya kazi inaitwa ukiwa umeshika kufuli na umeshaangalia imetoka. Bila hivyo taima itafufuka baada ya kuzimwa.

wake_up_all ni ya msomaji aliyelala. Nayo haitoshi kama sharti lake la kusubiri halijui habari ya kuchomolewa, kwa hiyo rekebisha na read:

```
r = wait_event_interruptible(m->foleni, m->tayari || m->imetoka);
if (r)
        return r;
mutex_lock(&m->kufuli);
if (m->imetoka) {
        r = -ENODEV;
        goto toka;
}
```

Programu ikipata -ENODEV inajua kifaa hakipo, na inaweza kumwandikia karani "mizani imechomolewa" badala ya kuganda. Kama draiva yako ina poll, irudishe EPOLLHUP na EPOLLERR.

Jambo dogo linalosahaulika: baada ya disconnect usitumie intafesi tena, hata kwa kuandika logi. Mstari kama `dev_info(&m->intf->dev, "imefungwa")` ndani ya release unaweza kuirudisha ajali uliyoiondoa. Ama uuondoe, ama ushike intafesi kwa usb_get_intf na uiachie ndani ya mizani_futa.

Hatua ya 7: Usibadilishe kuanguka kuwa kuganda

Angalia tena disconnect na uone kwamba kufuli imeachiwa kabla ya cancel_work_sync. Kishawishi cha kuishika hadi mwisho ni kikubwa, maana inaonekana salama zaidi. Lakini kazi ya nyuma nayo inaitaka kufuli hiyo. Disconnect itakuwa inasubiri kazi imalizike, kazi inasubiri kufuli, na hakuna atakayeachia. Anayeganda hapo ni mfanyakazi wa habu, akiwa ameshika kufuli ya kifaa, kwa hiyo hata `lsusb` inaweza kukwama, na vifaa vingine kwenye habu hiyo havitambuliwi tena. Logi itasema kazi ya kworker imezuiwa kwa zaidi ya sekunde 120, na ukichungulia utakuta "Workqueue: usb_hub_wq hub_event". Kwa karani hakuna tofauti: mashine haifanyi kazi.

CONFIG_PROVE_LOCKING uliyoiwasha mapema itakuonya kuhusu mzunguko huu hata kama haujatokea bado. Ukiona "possible circular locking dependency", usipuuze kwa kuwa jaribio lilipita.

Katika fanksheni ya kumalizia URB pia usichukue mutex wala kuita usb_kill_urb, kwa kuwa zote mbili hulala. Pale tazama status tu: -ENOENT, -ECONNRESET na -ESHUTDOWN zinamaanisha umeambiwa uache, basi rudi bila kutuma tena.

Hatua ya 8: Jaribu hadi uridhike

Rudia amri tatu za hatua ya 2. Kisha uache mzunguko wa unbind na bind ukienda usiku kucha huku msomaji akifungua na kufunga. Asubuhi angalia kama umezua kasoro ya upande wa pili, kumbukumbu isiyoachiliwa kamwe kwa sababu kref_put moja imesahaulika kwenye njia ya hitilafu:

```
echo scan > /sys/kernel/debug/kmemleak
cat /sys/kernel/debug/kmemleak
```

Probe inayoshindwa katikati ndiyo mahali pa kwanza pa kutazama.

Baada ya hapo chomoa kwa mkono. Chomoa programu ikiwa inasoma, chomoa mara tu baada ya kuchomeka, chomoa habu nzima badala ya kifaa kimoja, chomoa kompyuta ikiwa imelala kisha uiamshe. Hizi si chumvi. Kasoro ya usalama iliyosajiliwa kama CVE-2017-16525 ilikuwa ya kutumia kumbukumbu iliyoachiliwa katika drivers/usb/serial/console.c, iliyohusu kuchomolewa kwa kifaa na pia usanidi ulioshindwa, na ilikaa ndani ya kerneli rasmi hadi toleo la 4.13.8. Njia za kushindwa huwa hazipitiwi na mtu hadi siku zinapopitiwa kituoni.

Hatua ya 9: Peleka kazi inakohitajika

Kama draiva imo ndani ya kerneli rasmi, kwanza endesha `git log` juu ya faili lake kwenye mti mpya kabisa. Huenda kuna aliyeirekebisha na unachohitaji ni toleo jipya. Kama bado, andika kiraka chenye maelezo ya mfuatano mzima: nani aliachilia, nani aligusa, na sehemu fupi ya ripoti ya KASAN. Weka mstari wa `Fixes:` wenye herufi 12 za mwanzo za komiti (badiliko la msimbo lililorekodiwa kwenye git) iliyoleta kasoro, `Cc: stable@vger.kernel.org` ili matoleo ya zamani nayo yapone, na `Signed-off-by` yako. Pitisha `scripts/checkpatch.pl`, muulize `scripts/get_maintainer.pl` anayepaswa kupokea, kisha tuma kwa `git send-email`. Wakaguzi wakikuuliza kuhusu mpangilio wa mistari ya disconnect, ile orodha uliyoiandika kwa kalamu ndiyo jibu lako.

Kama ni draiva ya nje ya kerneli, ambavyo ndivyo ilivyo kwa mizani nyingi za mradi mmoja, ifunge kwa DKMS ili ikompailiwe upya kila kerneli ya kituo inaposasishwa. Ongeza namba ya toleo kwa MODULE_VERSION, na ukifika kituoni thibitisha kwa `cat /sys/module/mizani/version` kwamba iliyo kwenye kumbukumbu ndiyo mpya. Amri ya `modinfo` inakuonyesha iliyo kwenye diski tu, na moduli ya zamani hubaki ikiendeshwa hadi iondolewe kwa rmmod au mashine iwashwe upya. Halafu fungua programu ya kupimia, mwombe karani achomoe waya bila kufunga chochote, na usome `dmesg` pamoja naye.